Mtoto Asiye Kwenye Orodha

Mashine zote tatu zilisema maji ni safi. Nikabaki mimi.

Elisifa alichota kwa kikombe cha bati, akanipa kwa mikono miwili kama binti aliyelelewa. Nikayashika maji mdomoni, nikahesabu hadi ishirini, nikayatema kwenye nyasi. Yeye alikuwa amekwisha kuandika tarehe kwenye kibao chake cha kielektroniki, na kidole chake kilikuwa kinangoja.

"Safi, Bibi?"

"Ngoja."

Nikachukua funda la pili. Miaka sita nimekionja kisima hiki cha Mrindi Chini kila mwezi, na miaka sita sumu ilikuwa ikinijia pale pale, kwenye magego, kama nimeng'ata nati ya baiskeli. Safari hii nati haikuwepo. Magego yalikuwa yametulia. Lakini kwenye ncha ya ulimi palikuwa na kitu kingine, kidogo, cha baridi, kama ulimi umegusa kioo cha dirisha asubuhi.

"Kuna kitu," nikasema.

"Kitu gani?"

"Sijawahi kukutana nacho."

Akazitazama mashine zake zilizopangwa juu ya ukingo wa kisima. "Hizi hazioni kitu, Bibi. Sifuri, sifuri, sifuri."

"Umeziuliza nini?"

Ni binti msomi, katumwa na ofisi ya maji ya bonde, na ninachompendea ni kwamba akiulizwa swali hulifikiria kwanza. "Nimeziuliza kama ile sumu ya dawa za nyanya ipo. Kwa jina lake."

"Basi zimekujibu ulichouliza."

Katika milima hii tulikuwa wanawake watano tuliopandikizwa kionjo chini ya ulimi, sote tumekwisha kupita umri wa kuzaa. Wenzangu wanne wametangulia. Kionjo ni kidogo kama punje ya mtama. Ukiwa nacho, sumu unaikuta hata kama ni kiasi cha chumvi ya vidole viwili iliyotupwa kwenye ndiva nzima, lile bwawa letu la kukingia maji ya mfereji. Lakini kinakuchukulia vingine vyote. Tangu siku ile sijui chumvi, sijui sukari, sijui limau. Ninakula kwa sababu saa ya kula imefika. Mwanzoni niliona ni jambo la kulilia. Baadaye sikuona hivyo, wala sikuona vinginevyo.

Na mdomo wa mtu ulitakiwa pamoja na mashine kwa sababu huko nyuma, mahali pengine, watu walizinywesha mashine maji ya chupa. Zikasema safi, wanakijiji wakanywa kisima. Baada ya mazishi ikaandikwa sheria: mashine tatu na mdomo mmoja, na mdomo uwe wa mwenyeji, unywe mbele ya watu wote. Mdomo ukikataa, kufuli la kisima halifunguki.

Elisifa akasogea pembeni, akapiga simu ofisini. Alizungumza muda mrefu akiwa amenipa mgongo. Aliporudi aliketi chini kabisa, kwenye vumbi, na suruali yake nzuri.

"Ile sumu tuite mama," akasema. "Mama alikuwa mzito. Anagandamana na udongo wa mfinyanzi, anagandamana na mboji, hapendi safari. Kutoka lile shimo la juu hadi hapa ni hatua mia nne, na alizitembea kwa miaka thelathini. Sisi tukamwaga chachu shimoni, vile vijidudu vya kumla, na kweli vimemla. Ila havimalizi sahani, Bibi. Vinang'ata, vinaacha kipande. Kipande chenyewe ni chepesi, kinapenda maji, udongo haukishiki. Maji ya chini yakitembea hatua moja kwa siku, nacho hatua moja."

"Mama kafa, kaacha mtoto."

"Ndivyo."

"Huyo mtoto anadhuru?"

"Hajapimwa kwa watu. Kwa panya wenye mimba..." Akachora mstari kwenye vumbi kwa kijiti, akaufuta. "Si vizuri. Panya wazee hawakuonyesha kitu."

"Panya mzee ana siku ngapi za kuonyesha?"

Akacheka kidogo, akaacha.

"Ofisi inasemaje?"

"Wanasema hayumo kwenye orodha ya sumu. Asiye kwenye orodha hana kiwango. Asiye na kiwango hawezi kuwa amezidi kiwango." Akanitazama. "Kesho ndiyo siku ya mwisho, Bibi. Kisima kisipofunguliwa kesho, Mrindi Chini inafutwa kwenye daftari na malori yanawateremsha wote tambarare. Kikifunguliwa, na kaya kumi zikinywa humo, kitongoji kinabaki. Na malori ya maji yanakoma kuja, liwe hili au lile."

"Na wewe unataka niseme nini?"

"Mimi siwezi kukuambia cha kusema."

"Najua. Nimeuliza unachotaka."

Nikamwachia kikombe chake.

*

Shimo liko upande wa juu wa kisima, nyuma ya mashamba ya zamani ya nyanya. Mchana ule nilimkuta Nambike huko, anakoroga molasesi kwenye ndoo kwa mti mrefu. Nambike ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Ana miaka sabini na minane na mdomo ambao haujazeeka hata siku moja. Yeye ndiye anayewalisha wale vijidudu kila wiki, maana wasipokula utamu hawapati nguvu ya kula uchungu.

"Karibu kilabuni," akasema. "Mama yangu aliwapikia wanaume pombe ya dengelua, mimi naipikia ardhi. Tofauti ni kwamba ardhi ikilewa haiimbi."

"Wala haikopi."

"Wala haikopi! Keti hapo, wifi. Uso wako umekuwa kama wa mtu aliyetoka kupima kaburi."

Nikaketi kwenye jiwe. Jiwe lile nalifahamu.

Zamani mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wa mfereji. Kwetu mfereji hauchafuliwi. Mtu hafui humo, haoshi miguu humo, na zilipokuja dawa za nyanya nikaongeza la tatu: haoshi bomba la mgongoni humo. Ukionekana, unatoa mbuzi. Vijana wakaniuliza, sasa mama, tuoshee wapi? Nikawaleta hapa. Palikuwa na ufa kwenye mwamba ambao hata mvua ya masika ilipotea humo bila kujaa. Nikawaambia, mwageni hapa, ardhi inameza.

Kweli ilimeza. Miaka thelathini, kila siku ya kupulizia, wanaume walipanga foleni na mabomba mgongoni, wakisuuza humo, wakimwaga yaliyobaki humo. Mfereji wetu ukasifiwa. Watu wa milima mingine walikuja kuuangalia, wakaandika.

Elisifa alikuja kunieleza baadaye sana, bila kunilaumu. Juu ya ardhi, shambani, kuna jua, kuna hewa, kuna minyoo na wadudu wasioonekana, na sumu ikitua hapo huvunjwa-vunjwa. Nyingi haivuki msimu. Sisi tuliipitisha chini ya hayo yote. Tuliipeleka kwenye mwamba na mchanga, gizani, mahali pasipo na wa kuivunja. Wangeoshea hata kwenye majani ya shambani ingekuwa heri. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, nikamwuliza kama amekula.

"Haya," Nambike akasema, "kesho unasemaje?"

Nikamweleza. Mama kaisha, mtoto yupo, panya wenye mimba. Akaendelea kukoroga. Naetwe, mjukuu wake anayeishi naye, ana mimba ya miezi saba.

"Sema ni safi," akasema.

"Wifi."

"Nini? Orodha yao inasema ni safi. Mashine zao zinasema ni safi. Umekuwa mkubwa kuliko serikali?"

"Na Naetwe?"

Hapo akaacha kukoroga.

"Huyo mtoto wa sumu," akauliza, "atakwisha lini?"

"Elisifa anasema chachu inamla naye, ila polepole. Kila miaka minne inabaki nusu yake. Ni kama wageni wanaoingia mmoja mmoja kwenye sinia la ugali, kila mmoja anakula nusu ya alichokikuta. Wa kwanza anakula vizuri. Wa tatu anaacha sehemu moja ya nane. Sinia haliwi tupu, lakini linafika mahali halimshibishi mtu."

"Miaka kumi na miwili, basi."

"Kumi na miwili. Chachu ikilishwa."

"Na isipolishwa?"

"Inakufa ndani ya mwezi."

Akamimina ndoo kwenye ufa, taratibu, mpaka tone la mwisho. "Na maji ya chini yanakwenda wapi kutoka hapa?"

"Yanateremka. Tambarare."

"Kule kule wanakotupeleka."

"Kwa mwendo wa maji, miaka ishirini na kitu."

"Kwa hiyo tukiondoka," Nambike akasema, "tunamtangulia kwenda kumngojea." Akapangusa mikono kwenye kanga. "Wewe una akili ya kuwafikisha watu mahali, wifi yangu. Ulianza zamani."

Sikukasirika. Nilitafuta hasira nikaona mahali pake pako wazi tu, kama chumba kilichohamwa.

*

Kesho yake walikuja wote. Kaya arobaini na moja, viti vya kanisani, sufuria, watoto wamepakwa mafuta. Malori manne yalikuwa yamesimama barabarani, madereva wamelala, viti wamevilaza nyuma. Mwenyekiti Mchome, aliyevaa koti la harusi yake, alisimama kwenye ukingo wa kisima.

"Ndugu zangu! Miaka sita tumekunywa maji ya lori! Miaka sita tunaoga kwa kikombe! Leo mama yetu Nakijwa anakunywa, anasema neno moja, tunapika!"

Wakapiga vigelegele. Elisifa akanipa kikombe. Hakunitazama.

Safari hii nilimeza, kama sheria inavyotaka. Baridi ile ikashuka na koo.

"Ile sumu ya zamani imekwisha," nikasema. Vigelegele vikaanza tena, nikainua mkono. "Imekwisha, lakini imeacha mtoto. Mtoto yumo. Hayumo kwenye orodha, ndiyo maana mashine hazimwoni. Mwanamke mwenye mimba asinywe. Anayetarajia kuzaa asinywe. Anayekua asinywe. Kwa sisi tuliokwisha kuzeeka hakuna ajuaye."

Watu wakageukiana, kisha kelele zikaanza.

"Ulimi wake umezeeka huyu!" akapaza sauti mwanamume nyuma. "Hata pilipili haijui!"

"Mpeni soda aonje, aseme nayo ina mtoto!"

Wengine wakacheka. Mchome hakucheka. Alinishukia kutoka kwenye ukingo, akanisogelea karibu, akasema kwa sauti ya chini lakini watu walisikia.

"Mama Nakijwa. Nani alitupeleka shimoni?"

"Mimi."

"Nani alimtoza baba yangu mbuzi kwa sababu alisuuza bomba mferejini?"

"Mimi. Mbuzi mweusi, mwenye baka jeupe."

"Na leo ni wewe tena unayetuambia tuondoke."

"Sijasema muondoke. Nimesema kilichomo."

"Ni kitu kimoja!"

"Si kitu kimoja," akasema Nambike. Alikuwa amekaa kiti cha mbele, miguu ameinyosha. "Mchome, toka hapo unanizibia jua. Elisifa mwanangu, ile karatasi yako inamwuliza nini huyu mzee?"

Elisifa akasoma. "Inauliza kama sumu zilizo kwenye orodha zipo, au hazipo."

"Zipo?"

Wote wakanigeukia. "Hazipo," nikasema.

"Basi mmejibiwa. Kisima kinafunguliwa. Sasa nisikilizeni." Nambike akasimama kwa kushika bega la mtu aliye karibu. "Mimi sizai tena, labda Mungu awe na utani mbaya. Sikui tena, nasinyaa. Mtoto huyo atanifanya nini ambacho miaka haijaanza kunifanya? Kaya kumi zinatakiwa. Wazee tubaki, tunywe, tuwalishe wale wadudu shimoni. Vijana mwende. Baada ya miaka kumi na miwili mje mwulize. Tukiondoka wote, mtoto huyo wa sumu anakwenda kuwakuta huko chini, na hakutakuwa na wa kuwapikia wadudu wanaomla."

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja akalia, mwanamke, nadhani mkwe wa Mchome. Halafu mzee mmoja akainua mkono kama mtoto darasani, na mkewe akamfuata. Bibi wawili wajane wanaoishi nyumba moja wakainua, wakaambiwa wanahesabiwa kaya moja, wakaanza kubishana palepale nani atahamia kwenye banda la mbuzi ili wawe kaya mbili. Hapo watu wakacheka kidogo. Mchome alihesabu kwa vidole.

"Tisa," akasema. Akahesabu tena. "Tisa. Mimi mwenyewe nina watoto wadogo."

Nyumba yangu iko Mrindi Juu, ambako watu bado wanakunywa maji ya ndiva. Siku hizi ndiva haijai. Kila mtu ana zamu yake na haongezwi mtu asipotoka mwingine. Nilisimama na kikombe kikiwa bado mkononi, nikaona jinsi jambo lilivyokuwa jepesi. Halikuwa zuri. Lilikuwa jepesi tu, kama kufunga mlango.

"Naetwe," nikasema. "Ufunguo wangu uko kwa jirani. Zamu yangu ya maji ni Jumanne na Ijumaa, asubuhi. Waambie nimekuachia."

Naetwe alikuwa kashika tumbo kwa mikono yote miwili. "Na wewe, Bibi?"

"Mimi ni kaya ya kumi."

Nambike akanitazama muda, akashusha macho. "Kitanda changu kidogo," akasema. "Na huruhusiwi kukoroma."

"Mkikaa nyumba moja mnahesabiwa kaya moja!" akapaza sauti mmoja wa wale wajane.

"Atapikia jiko lake mwenyewe," Nambike akajibu. "Uani kwangu kuna lile jiko la nje. Wewe kahamie kwa mbuzi wako."

Elisifa akanisogezea kibao. Sehemu moja iliandikwa HAZIPO. Nikaweka dole gumba. Kwenye daftari la serikali, tangu saa ile, kisima cha Mrindi Chini ni safi, na jina chini yake ni langu.

"Naweza kuandika maelezo pembeni," Elisifa akaninong'oneza. "Kuhusu mtoto. Hakuna nafasi yake, ila nitaandika pembeni."

"Wakiyasoma watafunga?"

"Wakiyasoma. Labda baada ya mwaka mmoja, labda kumi."

"Andika."

Akaandika. Nilimwona anaandika kwa herufi ndogo sana.

*

Malori yaliondoka kabla ya saa saba. Watu walipakia magodoro, kuku, mlango mmoja wa mbao ambao mwenyewe alikataa kuuacha. Watoto walipunga mikono kwa furaha, maana wengi hawakuwahi kupanda gari. Naetwe alipanda kwa miguu upande wa Juu, polepole, na mtu wa kumbebea mizigo. Aligeuka mara mbili. Nilimwona akigeuka, na nikajua kwamba hapo mtu mwingine angesikia kitu moyoni. Nikangoja. Vumbi likatulia.

Tulibaki watu kumi na wanne uwanjani na viti vya kanisani. Sufuria zilikuwa bado tupu. Kufuli lilikuwa limefunguka, maji yanatiririka kwenye koki kama maji yoyote, na hakuna aliyeyasogelea. Tulijadili kwanza mambo mengine. Tulikubaliana kwamba mgeni mwenye mtoto aje na maji yake, na kwamba asiyekuja nayo arudishwe, hata akiwa ni nani. Mzee mmoja akapendekeza tuandike kibao cha onyo. Mwingine akasema kibao kitasomwa na ofisi. Tukakubaliana kuwa kila siku mmoja wetu atakaa hapo kwenye kiti, basi.

Mwishowe Nambike akachukua kikombe, akakijaza mpaka juu. Akakishika bila kunywa.

"Wifi," akasema. "Sisi hapa tutakunywa yamkini miaka kumi na miwili, kama tunayo. Kwetu ni maji. Hayana ladha, hayana rangi. Wewe peke yako ndiye utakayemjua kila funda."

"Najua."

"Sitaki kujua anazidi au anapungua. Na hawa hawataki. Sivyo?"

Wengine wakatikisa vichwa. Mmoja wa wajane alikuwa anatazama miguu yake.

"Utakunywa na sisi, utamwambia Elisifa akija, mwende pembeni huko. Sisi usituambie. Hata tukikuuliza, hata mmoja wetu akiugua akakuuliza. Unaweza?"

Niliwatazama. Niliwafahamu wote tangu ujana, na karibu wote, wao wenyewe au waume zao, walipanga foleni pale shimoni, kwa amri yangu.

"Naweza," nikasema.

Akanipa kikombe, nianze mimi. Nikanywa mpaka nusu. Walikuwa wananitazama usoni, wote kumi na watatu, ingawa walikuwa wametoka kusema hawataki kujua. Nikayamaliza yaliyobaki, nikapangusa mdomo, nikamnyooshea Nambike kikombe aniongeze.